Shansi za wanafunzi zibandikwe ku valve, mbele ya wote

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa L1, Bukavu, Novemba 2023

Ma-CP, asanteni kwa kutupatia hii saa moja katikati ya kozi mbili. Tunajua iko ngumu kuipata. Basi niende moja kwa moja.

Wiki hizi munapokelewa kila siku. Kuna siku ya kutembezwa kampasi, kuna mechi, kuna ibada ya kufungua mwaka, kuna wakubwa wenu wanaotaka kuwabatiza kwa sababu nyinyi ni ma-bleu. Juu ya huo ubatizo niseme neno moja tu: mutu akikuomba makuta, ama akikuambia utambae ndani ya matope, kataa na uende zako. Hakuna pointi ya L1 inayotolewa matopeni.

Sisi hatukuja kuwapokea mara nyingine. Tumekuja kuzungumza juu ya kitu kitakachoanza kupita karibu yenu tangu sasa bila kupiga hodi: shansi. Bursi, staji, mafunzo, mashindano, konferansi, safari. Zinapita hapa kila mwaka. Wengi wetu tulimaliza chuo bila kuziona, na hazikuwa mbali. Zilikuwa ndani ya kabati ya ofisi fulani, hatua makumi mawili kutoka odituari yetu.

Munisikilize vizuri namna mambo yanavyokwenda. Shirika linaandikia chuo barua: tunatafuta wanafunzi 5 kwa staji ya miezi 3. Barua inafika juu ya meza ya mutu mumoja. Huyo mutu ako na mpwa wake, ako na mutoto wa jirani, ako na yule anayeimba naye koralini. Anapiga simu tatu. Nafasi tatu zimejaa. Mbili zinabaki, zinatembea polepole kwa masikio ya marafiki. Kisha tangazo linabandikwa. Nilipokuwa G2, wakati ule LMD haijafika, niliona ku valve tangazo la staji ambalo tarehe yake ya mwisho ilikuwa imepita siku mbili. Muhuri wa kupokelewa ulikuwa chini pale: barua ilikuwa imefika mwezi mzima mbele. Tulisimama pale kama makumi mawili, tunasoma. Hakuna aliyesema kitu. Mumoja alicheka, akasema “njo Congo,” tukaingia kozini.

Hilo “njo Congo” ndilo limetuleta hapa leo.

Shansi ikijulikana na watu watatu, inakuwa deni. Aliyekupatia atakukumbusha. Leo umemubebea begi, kesho umemupigia kura, kesho kutwa unanyamaza anapouza silabusi kwa lazima. Na kwa dada zetu bei iko mbaya zaidi, munaijua, hata nyinyi mulio wapya mumeshaisikia. Asistenti anasema: “Passe jioni ku bureau, niko na kitu kwa ajili yako.” Kama ile “kitu” ingekuwa imebandikwa ukutani tangu asubuhi, kwa wote, kungekuwa sababu gani ya kupita jioni? Siku hizi watu wanafanya konferansi nyingi juu ya unyanyasaji wa wasichana chuoni, na ni vizuri. Lakini karatasi moja iliyobandikwa kwa wakati inamuondolea yule bwana chambo chake. Hatuwezi kuzungumzia moja bila ingine.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu neno bursi liko na historia kwetu na silabusi haziisemi sana. Tarehe 4 Juni 1969, wanafunzi wa Lovanium walishuka kuandamana Kinshasa. Walikuwa wanaomba bursi ipandishwe, na wanafunzi wapate sauti katika uongozi wa chuo. Jeshi lilifyatua risasi, wanafunzi wakafa. Miaka 2 kisha, mwaka 1971, wenzao walipotaka kuwakumbuka wale waliokufa, Mobutu aliwapeleka wanafunzi wa Lovanium jeshini kwa nguvu, na mwaka uleule vyuo vikuu vyote vitatu vya inchi vikafungwa pamoja katika kamba moja iliyoitwa UNAZA. Munaona? Wakati ule mwanafunzi alikuwa anabishana na Serikali juu ya bursi kuwa kidogo. Polepole bursi yenyewe ikanyauka, minervali ikaota mahali pake. Leo Serikali ya mwanafunzi ni mama yake anayeuza makala Kadutu, ni baba aliyeuza ng'ombe Walungu, ni mjomba aliye ndani ya carré ya dhahabu kule Shabunda. Ndiyo maana tangazo lililofichwa si kakosa kadogo ka sekreteri. Ni jasho la hawa watu.

Sasa niwaambie kitu gani kiko kweli, maana vijana wengi wanasema “hakuna shansi”, na hiyo haiko kweli.

Iko na bursi ambazo unaomba wewe mwenyewe, bila kupita kwa ofisi ya mutu. Erasmus Mundus, ya Umoja wa Ulaya, ni ya mastazi. Unasoma kwa inchi mbili ao zaidi, na inalipa euro 1.400 kwa mwezi mpaka miezi 24. Unaandikia programu yenyewe ku intaneti. Programu nyingi zinafungua mlango kati ya Oktoba na Januari, ni kusema sasa hivi ninavyozungumza. Chevening ya Uingereza inachukua Wakongomani pia: mwaka mumoja wa mastazi, na inaomba uwe umefanya kazi saa 2.800, karibu miaka 2. Ukimaliza unatakiwa kurudi inchini na kukaa hapo miaka 2. Wengine wanaona hilo sharti kama mzigo. Mimi naliona zuri. Hata Daktari Mukwege alisomea udaktari Bujumbura, akaenda Angers kule Ufaransa, na leo Panzi iko hapa kwetu. Kuondoka kwenda kusoma hakumufanyi mutu kuwa msaliti wa Bukavu.

Mutasema: hizo ni za watu waliomaliza, sisi tuko L1. Kweli kabisa. Lakini Kiingereza hakijifunzwi mwezi wa mwisho, na pointi za L1 hazifutiki; zitaandikwa ku relevé yako mpaka siku utakayoomba. Mwenzetu mumoja aliyefika mbali alituambia kwamba dosie yake ilianza siku aliyofeli interro ya kwanza na kukataa kununua pointi.

Iko na aina ya pili: bursi ambazo chuo ndicho kinapendekeza majina. Mfano ni BEBUC, iliyozaliwa kutoka uhusiano kati ya vyuo vya Congo na Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani. Kwa aina hii, mwanafunzi asiyejua kwamba majina yanakusanywa hawezi hata kuuliza kwa nini lake halimo. Ni hapa valve iko na kazi kubwa kuliko pote. Kuhusu Excellentia, ya mfuko wa mke wa Rais, ile inawatafuta waliofaulu sana Exetat, basi kwenu imepita. Lakini wadogo zenu wanaomaliza sekondari muwaambie mapema.

Na iko aina ya tatu, ambayo tunaidharau kwa sababu haina ndege. Lwiro iko Kabare, si mbali na hapa. Kituo cha utafiti kilijengwa pale wakati wa wakoloni, kiko na maktaba na makusanyo ya wadudu, mimea, mawe. Watafiti wanatoka Ulaya kuja kuiona. Kati ya wanafunzi wa biolojia, jiolojia na mazingira wa mji huu, wangapi wamefika? Mulungu iko INERA, utafiti wa kilimo. Kalambo iko IITA, wanashughulika na mihogo, ndizi, soya, na wamekwisha fundisha vijana kazi ya kilimo. Bustani ya Kahuzi-Biega iko pale inatuangalia. Barua ya kuomba staji inaandikwa kwa ukurasa mumoja. Usingoje chuo kikutume; andika wewe, peleka wewe, rudi kuuliza baada ya wiki mbili, rudi tena. Ni kweli watu wataomba transporti na chakula unajilipia, na hiyo inawafunga wengi nje. Tutalirudia hilo kwenye madai.

Mbele ya kufika pale, neno juu ya wanyang'anyi. Wameshaingia katika magrupe yenu ya WhatsApp, nawahakikishia. Wanaandika: “Bourse Canada 2024, makuta ya dosie dola 50, tuma kwa hii namba.” Picha ya bendera iko, logo iko, hata sauti ya mama anayeshukuru iko. Mwaka uliopita msichana wa promosio moja, mama yake akiuza samaki, alituma dola 50, kisha 30 za “visa”, kisha 20 za “tarjama”. Namba ikafungwa. Aliacha masomo semesta moja kwa sababu zile ndizo zilikuwa minervali. Chevening haikuombi hata senti moja ili uombe. Erasmus Mundus pia, kuomba bursi yake hakuuzwi. Iko na gharama za kweli, sisemi hapana: mtihani wa Kiingereza unalipiwa, na pasipoti inalipiwa. Pasipoti yetu ilifika dola 185 mwaka 2015. Tangu pale imeshuka, lakini bado ni makuta ambayo familia nyingi haina. Tofauti ni kwamba zile unalipa ku banki ao ku ofisi, unapewa risiti yenye muhuri. Mutu anayetaka umutumie makuta ku simu, kwa jina la mutu, usiku, huyo anakula jasho la mama yako. Ukipata ujumbe kama ule, usiufute tu. Peleka kwa CP, andika ku grupe: “huyu ni mwizi,” ili wa pili asianguke.

Sasa matukio. Uchaguzi uko tarehe 20 Desemba. Munaona namna kampasi imekuwa sokoni. Kila wiki kuna “konferansi” ya vijana, “matinée” ya wanafunzi, kuna T-shirt, kuna sukari moja na mkate. Mukaribishwe mahali popote, mimi siwakatazi kumusikiliza mutu anayeomba kura; musikilize hata wote, ni vizuri. Lakini mujue kiti munachojaza kinapigwa picha, na picha inatumwa Kinshasa kuonyesha kwamba vijana wa Bukavu wako nyuma ya mheshimiwa. Basi muulize swali. Swali moja lenye namba: minervali itafanywa nini, maabara ya chuo italetewa umeme na nani, kwa bajeti gani. Akikasirika, mumejifunza kitu, na T-shirt mubaki nayo ya kulalia.

Kwa atelie za mashirika, tuko na ugonjwa mwingine, na hapa nawaudhi kidogo. Tunaingia tukiuliza kwanza: “transporti iko?” Tunasaini orodha, tunakula, tunaondoka na atestasio. Niko na rafiki mwenye atestasio 14 za “lidaship” na hajui kuandika barua ya kuomba kazi. Naelewa kwa nini tunauliza transporti: kutoka Bagira kwenda Nyawera na kurudi ni chakula cha siku. Lakini jiulizeni unapotoka pale ndani uko na nini ambacho hukuwa nacho asubuhi. Namba ya mutu anayefanya kazi unayoitaka? Kitabu? Kuelewa programu ya kompyuta? Kama hakuna, wiki ijayo kaa maktaba. Na kama mualikaji anataka orodha ya majina na saini kabla ya mafunzo kuanza, uliza kwa nini. Iko miradi inayokula makuta kwa saini zetu.

Dosie yako ianze leo. Diploma ya Serikali, fanya kopi tatu zilizothibitishwa, usitembee na orijinali ndani ya mvua ya Bukavu. Relevé ya kila mwaka, ichukue mwaka uleule; ukingoja miaka 4, utaambiwa faili imepotea ama mwenye sahihi yuko safarini. Barua mbili za walimu wanaokujua kweli, wanaoweza kusema ulifanya kazi gani. Ili mwalimu akujue katika odituari ya watu 600, uliza swali kozini, na baada ya kozi pia. Anwani ya barua pepe yenye jina lako la kweli. “Bossy-mufalme” haitafunguliwa na mutu wa bursi. Na majina yako yaandikwe namna moja kwenye karatasi zote. Hii inaonekana kama kitu kidogo, lakini tumeona dosie nzuri zikifa kwa sababu diploma inasema Bahati na kadi ya kura inasema Baati.

Nifike kwa madai. Tunayaandika na kuyapeleka kwa wakuu wa vyuo vyote vya mji, vya Serikali na vya dini, na tunataka musaini kama munakubali. Tangazo lolote linalohusu wanafunzi libandikwe ku valve ndani ya siku 2 za kazi tangu lilipopokelewa, likiwa na muhuri wa tarehe ya kufika, ili kila mutu aone. Pale chuo kinapopendekeza majina, orodha ya walioomba na ya waliochukuliwa ibandikwe, pamoja na sababu iliyotumika kuchagua. Usaili ufanyike mchana, mlango wazi, na si kwa mutu mumoja peke yake. Relevé isilipishwe makuta ambayo hayako ku orodha ya malipo ya chuo. Na chuo kiandikiane na vituo kama Lwiro na Mulungu ili wanafunzi wanaoenda staji wapate angalau usafiri wa kwenda na kurudi. Gari la chuo linaenda harusi, liende na Kabare.

Wengine watasema munaleta siasa chuoni. Katiba ya 2006, sehemu ya 24, inampa kila mutu haki ya kupata habari. Tunaomba karatasi ukutani. Kama karatasi ukutani inamuogopesha mutu, yeye ndiye aeleze.

Hatutangoja jibu mukono mitupu. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, tunakutana mbele ya maktaba. Kila promosio itume watu wawili, mumoja wao awe msichana. Kazi yao itakuwa hii: mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, wanapita ku valve za fakilte zote, wanapiga picha za matangazo, wanaandika ndani ya daftari moja jina la shansi, tarehe iliyofika, tarehe iliyobandikwa, tarehe ya mwisho. Picha zinaenda ku magrupe yote siku ileile. Kwa wale wasio na simu ya intaneti, na wako wengi, tumeshazungumza na mwenye fotokopi wa pale mlangoni: atabandika orodha ku dirisha lake bila malipo. Yeye hakusoma chuo, lakini mutoto wake ako L2.

Baada ya miezi 3 tutafungua lile daftari mbele yenu, tuhesabu matangazo mangapi yalibandikwa kwa wakati na mangapi yalichelewa, na kutoka ofisi gani. Namba zile tutazipeleka kwa rekta, na tutazisoma hapa. Tunahitaji daftari kubwa moja, kalamu mbili na megabaiti kidogo za kutuma picha. Aliye na franga 500 za kuchanga amupatie CP. Asiye nazo aje tu na macho yake.

Nimebakiza dakika kumi kwa maswali. Muanze wale wa nyuma, hatuwasikii tangu asubuhi.